Sare Niliyompa Kaka

Jumamosi, 1 Machi

Mvua zimewahi mwaka huu. Nimepita maktaba kutazama orodha ya mashindano ya sataranji: wachezaji kumi na wanne, raundi saba, kila Jumamosi raundi moja. Mimi ni wa tano kwenye orodha. Wa tisa ni kaka yangu.

Nilisoma jina lake mara mbili, kwa miwani na bila miwani. Ni miaka minane hajashiriki, na ni miaka minane hatujazungumza zaidi ya "hujambo, sijambo" kwenye misiba ya watu wengine.

Jumatatu, 3 Machi

Kazi tu, kutengeneza meno ya bandia. Meno ya juu ya mzee mmoja wa mahakamani, na ya chini ya mwanasiasa anayetaka yawe meupe kuliko aliyozaliwa nayo. Nilimwambia daktari wa meno wa ghorofani: "Mwambie yakiwa meupe hivyo watu watamtazama mdomo, hawatasikia anachosema." Daktari akasema labda ndicho anachokitaka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda. Paa la ukumbi wa maktaba linavuja sehemu tatu na mwamuzi ametega ndoo. Ni karani mstaafu wa posta, anatuita wote "mwanangu", hata wanaomzidi umri.

Kaka alikaa meza ya mwisho, koti lile lile la kazini lenye mifuko mingi. Alikuwa mpima ardhi, na hapa ukumbini wanamwita Mpima. Mimi wananiita Meno. Mgeni akisikia "Meno na Mpima ni ndugu" anacheka kwanza, kisha anatuangalia pua na kukubali.

Alinipungia mkono. Nikainamisha kichwa kama ninatafuta kalamu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeshinda tena. Mvua kutwa.

Jumanne, 18 Machi

Niandike mara moja nimalize. Siku tuliyomzika mama, kaka alifika amechelewa, akasimama karibu na mlango akisalimia watu. Nilikuwa nimemuuguza mama miaka miwili, kila jioni baada ya kazi, mpaka akafika mahali pa kuniuliza mimi ni nani na nani amenifungulia mlango. Nikamwambia kaka mbele ya wakwe zake: "Wewe umekuja kuhesabu wageni. Kulia tuachie sisi." Hakujibu neno. Alikaa mpaka mwisho, akabeba viti, akaondoka.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingepona siku nyingi.

Jumamosi, 22 Machi

Sare. Mpinzani wangu alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye huguna kila anapofikiri. Nikapoteza uvumilivu kabla yake.

Jumatano, 26 Machi

Wifi, mke wa kaka, alikuja karakana leo mchana. Sikumtegemea. Alisimama mlangoni mwavuli ukichuruzika, akaangalia safu za meno mezani, akasema, "Hapa mtu akiingia na njaa anashiba kwa woga."

Nikamkaribisha kiti. Nikaendelea kuchonga nta ili mikono iwe na kazi.

"Wifi," akasema, "sikuja kupatanisha. Hilo ni lenu. Nimekuja kukuomba. Mkikutanishwa kwenye mashindano, usimkazie sana."

"Kwa nini nimlegezee? Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Hayuko sawa." Akakunja mwavuli, akaukunjua, akaukunja tena. "Ni ule ugonjwa wa mama. Daktari alituambia mwezi wa kumi na moja. Mambo ya zamani anayo yote. Ya jana ndiyo yanamponyoka. Anauliza jambo, unamjibu, baada ya dakika kumi anauliza tena. Mwenyewe ameambiwa, lakini hataki watu wajue. Amesema anataka acheze msimu huu mmoja akiwa bado yeye."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka alipoondoka kiti kilibaki na maji, na mimi sikukifuta.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemfunga Mfamasia, aliyetwaa kombe miaka miwili mfululizo. Watu walinipongeza. Mimi macho yalikuwa meza ya kaka. Alishinda. Alicheza upesi na safi, kama zamani. Nikajiambia labda wifi anatia chumvi.

Baada ya mchezo alimuuliza mwamuzi raundi ijayo ni lini. Mwamuzi akamjibu: Jumamosi. Nilipokuwa navaa koti la mvua nikamsikia anamuuliza tena.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeshinda.

Alhamisi, 10 Aprili

Barabara ya mbele ya karakana imekuwa mto. Wateja hawaji. Nimetoa ubao wangu nikacheza peke yangu, kitu nisichofanya mchana.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye ishirini, aliponifundisha Ulinzi wa Sisilia. Mweupe akianza kwa kumsogeza askari wa mbele ya mfalme, mweusi hajibu kwa askari kama huyo. Anamsogeza wa tatu kutoka kulia kwake, anaipigania katikati kutokea pembeni. Wachezaji wengi duniani wanaupenda, lakini mimi nilidhani ni wa kwetu wawili tu. "Mtu akikupa neno," kaka aliniambia, "usimrudishie neno lake. Tafuta la kwako." Nilikuwa mtoto mwenye haya, shuleni sisemi. Nadhani hakuwa akinifundisha sataranji peke yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Sare. Mimi na Mfamasia tunaongoza, pointi sawa. Mwamuzi akabandika ratiba ya raundi ya mwisho na kusema, "Wanangu, someni taratibu, msisukumane." Nikasoma. Mimi na kaka, yeye nyeupe.

Nikishinda, kombe ni langu, kwa kuwa Mfamasia nilishamfunga. Nimeshiriki miaka kumi na tisa, sijawahi kulishika.

Kaka alikuja mpaka niliposimama. "Mdogo wangu," akasema. Miaka minane sijaitwa hivyo. "Jumamosi tukutane ubaoni. Usinionee haya."

"Haya, kaka," nikasema.

Jumamosi, 19 Aprili

Nitaandika mchezo wote kwa sababu nimeufanyia jambo ambalo sijui nilisemeje kwa mdomo.

Ukumbi ulijaa. Mvua ilipiga paa hata mwamuzi alilazimika kupaza sauti. Kaka alikuwa amenyoa ndevu, kola imepigwa pasi. Tukapeana mikono. Wake ulikuwa mkavu, wangu unatoka jasho.

Akamsogeza askari wa mbele ya mfalme, miraba miwili. Nikajibu kwa Sisilia. Nilimwona akitabasamu upande mmoja wa mdomo, bila kuinua macho.

Tulicheza kama watu wanaoimba wimbo wanaoujua wote. Yeye alimficha mfalme wake upande wa malkia, mimi upande wa pili, na kila mmoja akapeleka askari zake kumbomolea mwenzake ukuta. Mfamasia alimaliza mapema, ameshinda, akaja kusimama nyuma yangu. Kwa hiyo nilijua: ni ushindi au basi.

Saa ya kwanza nilimsahau wifi kabisa. Kisha nikaanza kuona. Kaka alicheza akasahau kubonyeza saa. Dakika zake zikaendelea kuliwa, na yeye ananitazama akingoja. Nikamwonesha saa kwa kidole. Baadaye ikatokea tena. Akaenda msalani, na aliporudi alikwenda meza ya mwalimu wa hesabu, akaketi, akautazama ubao wao. Mwamuzi alimshika kiwiko akamrudisha kwangu. Watu wawili wakacheka kwa nyuma. Hawakuwa na nia mbaya, lakini mimi nilihisi kama wamenipiga kofi.

Wakati huo nilikuwa juu yake. Nilikuwa nimemtoa farasi mmoja nikachukua ngome, na askari wangu wa pembeni alibakiza hatua tatu kufika mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Kaka alikuwa na kitu kimoja: malkia wake, na ukuta wangu uliobomoka mbele ya mfalme.

Akaleta malkia, akapiga cheki, yaani akamtisha mfalme wangu. Mfalme wangu akaingia pembeni kabisa. Akapiga cheki nyingine kutoka mraba wa jirani. Mfalme akarudi. Akapiga ile ya kwanza.

Njia ilikuwepo. Niliiona hata kabla hajaanza. Badala ya kumrudisha mfalme pembeni ningemtoa nje kuelekea katikati ya ubao, hatua moja, mbili, tatu. Inatisha kwa macho, maana mfalme anatembea uwanjani hana nguo, lakini cheki zake zingeisha na mfalme angejificha nyuma ya ngome yangu. Baada ya hapo hapana mchezo tena.

Nikamtazama kaka. Macho yake yalikuwa ubaoni, mdomo umefunguka kidogo. Nikajiambia: hajui kwamba anazunguka. Anapiga cheki ileile kama anavyouliza swali lilelile. Nikitoka sasa atabaki na ubao mtupu mbele ya watu hawa wanaocheka, na kumbukumbu yake ya mwisho ya mchezo huu itakuwa hiyo.

Nikamrudisha mfalme pembeni.

Cheki. Nikarudi. Kaka akachukua kalamu, akaandika hatua yake inayofuata kwenye karatasi kabla ya kuicheza, kama sheria inavyotaka. Akasimamisha saa, akainua mkono.

"Mwamuzi. Nikicheza hii, msimamo utakuwa umejirudia mara tatu. Nadai sare."

Sauti yake ilikuwa imara kuliko ya mtu yeyote ukumbini. Mwamuzi akaangalia karatasi, akahesabu, akasema, "Sawa, mwanangu. Sare." Nyuma yangu Mfamasia akavuta pumzi ndefu, maana kombe limekuwa lake.

Kaka alikuwa anajua. Alijua tangu cheki ya kwanza. Alikuwa ameshindwa, akatafuta uchochoro, kama mchezaji yeyote mwenye akili zake. Mimi ndiye niliyekuwa nacheza na ugonjwa badala ya kucheza na kaka yangu.

Watu walipotawanyika akaniinamia. "Mdogo wangu, ulikuwa na njia ya kutoka pale. Hukuiona?"

Ningeweza kusema.

"Sikuiona, kaka."

Akatikisa kichwa polepole. Uso ulimwanguka. Nadhani ananihurumia kwa kukosa kombe.

Jumanne, 22 Aprili

Nilikuwa namimina plasta kwenye kalibu ya meno. Mlango ukafunguliwa, ni kaka, na ubao mdogo wa mfukoni. Hajawahi kukanyaga karakana hii.

"Nimegundua kitu kwenye mchezo wetu," akasema. Akaupanga msimamo wote bila kukosea kipande kimoja. Akanionesha jinsi mfalme angetoka pembeni, hatua kwa hatua. Nikajifanya nashangaa. Plasta ilikauka kwenye bakuli, nikaitupa.

Alikunywa chai vikombe viwili. Tuliongea habari za watoto, za magoti yake, za mvua. Alipoondoka niliketi nikacheka peke yangu kwa furaha. Nimempata kaka. Nikajiambia uongo mdogo umefanya kazi ambayo ukweli haukuifanya kwa miaka minane.

Ijumaa, 25 Aprili

Amekuja tena. "Nimegundua kitu kwenye mchezo wetu." Msimamo uleule, hatua zilezile. Nikashangaa tena.

Jumatatu, 28 Aprili

Amekuja. Yaleyale.

Jumatano, 30 Aprili

Amekuja, wifi amemsindikiza hadi barabarani. Safari hii alipokuwa anapanga vipande aliongea, macho yakiwa kwenye ubao. "Mama alipenda kushika hawa farasi. Nilikuwa nikimaliza kumchana nywele nampa mmoja ashike, anatulia."

"Lini ulimchana mama nywele?"

"Asubuhi. Saa kumi na mbili, kabla sijaenda kazini. Wewe ulikuwa wa jioni, mimi wa asubuhi." Alinitazama kama ninauliza jua linachomoza wapi. "Hakukwambia?"

Miaka miwili nilikuta nywele za mama zimechanwa na kufungwa kitambaa. Nilidhani ni jirani. Hata nilimpelekea jirani kitenge cha shukrani, naye akakipokea.

"Kaka. Siku ile ya mazishi mbona hukunijibu?"

Alifikiri. Mambo ya zamani anayo yote. "Ulikuwa unalia," akasema. "Mtu anayelia hajibiwi." Kisha akasogeza mfalme wangu kutoka pembeni. "Sasa tazama hapa. Hukuiona hii."

Jumapili, 4 Mei

Mvua zimepungua. Sijatoka.

Jumanne, 6 Mei

Wifi amepita. Nilimwambia ninafurahi kaka anakuja.

"Anakuja kwako kwa furaha, wifi, anarudi mnyonge. Nyumbani wimbo ni mmoja: nilimharibia mdogo wangu. Eti alikufundisha kushambulia tu, hakukufundisha kutembeza mfalme, na kwa ajili hiyo umekosa kombe. Juzi mwamuzi alimwomba awafundishe watoto wa shule pale maktaba, akakataa. Akasema yeye si wa kufundisha mtu."

Nikamweleza wifi nilichokifanya ukumbini. Sikujitetea, wala sikumtaja yeye na mwavuli wake. Lakini alielewa. Akashika kichwa.

"Mimi ndiye niliyekuomba usimkazie," akasema.

"Uliomba. Aliyerudisha mfalme pembeni ni mimi."

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwambia.

Alikuja saa nne asubuhi. "Nimegundua kitu kwenye mchezo wetu." Nikafuta mikono, nikavuta kiti nikaketi mbele yake, nikaweka kiganja juu ya ubao kabla hajapanga.

"Kaka, nilikudanganya. Ile njia niliiona."

"Ipi?"

"Ya mfalme. Niliiona kabla hujapiga cheki ya kwanza. Nilirudi pembeni makusudi."

Nje kulikuwa na mtu anakokota mkokoteni kwenye tope, nikausikia mpaka ukaisha.

"Nani alikwambia naumwa?"

"Wifi yangu. Usimlaumu."

"Kwa hiyo tulipopeana mikono ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikuomba usinionee haya." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Nilijiandaa wiki nzima kwa mchezo ule. Nilikuwa naandika kwenye karatasi siku gani, meza gani, saa ngapi, ili nifike. Nilitaka mchezo mmoja wa kweli na wewe. Kushindwa na wewe kusingeniua. Wewe ukanipa sadaka."

"Nisamehe, kaka."

"Hata siku ile ya mazishi uliniumiza, lakini ulinisema kama mtu mzima mwenye akili zake."

Nililia, naye akanyamaza mpaka nikamaliza. Kisha akausogeza mkono wangu, akaupanga msimamo.

"Uliiona kweli?"

"Niliiona."

"Nioneshe."

Akapiga cheki. Nikamtoa mfalme pembeni. Akapiga nyingine, nikasonga katikati. Alipigana kweli, akanitegea mitego miwili ambayo hakuwahi kuitaja siku zote alizokuwa akinifundisha, na yote nikaikwepa. Cheki zikamwishia. Nikasogeza askari wangu wa pembeni mpaka mwisho, akageuka malkia. Kaka akautazama ubao wote, akamlaza mfalme wake, akanipa mkono.

"Basi sikukufundisha vibaya," akasema.

Aliondoka mgongo umenyooka. Nilimtazama hadi kwenye kona.

Ijumaa, 9 Mei

Saa nne asubuhi mlango ukafunguliwa. Alikuwa na ubao mfukoni.

"Mdogo wangu, nimegundua kitu kwenye mchezo wetu. Ulikuwa na njia. Mimi ndiye sikukufundisha kuiona."

Nilikuwa na mdomo wa mtu kwenye plasta mbele yangu. Nikauweka chini. Nikifanya kama sijui, atarudi nyumbani na ule unyonge. Nikisema, itabidi nimwumize kwanza.

"Niliiona, kaka," nikasema.

Akauliza ni nani aliyeniambia anaumwa. Akasema maneno yaleyale ya jana, karibu kwa mpangilio uleule, wiki nzima, karatasi, sadaka. Yalimtoka yakiwa mabichi. Kisha akaniambia nimwoneshe, nikamwonesha, akamlaza mfalme.

Jumatatu, 12 Mei

Amekuja. Nimemwambia.

Alhamisi, 15 Mei

Amekuja. Nimemwambia.

Jumamosi, 17 Mei

Jua limetoka siku tatu mfululizo, na barabara imeanza kutimua vumbi. Wifi amesema sasa anarudi nyumbani vizuri, anakula, ila hajui kwa nini amefurahi. Amemkubalia mwamuzi kuhusu watoto wa shule. Wifi atakuwa akimpeleka.

Leo alikuja hata kama ni Jumamosi. Nilipomwambia, uso wake ulivunjika palepale unapovunjika kila siku. Mimi nimeshauzoea mstari wa maneno, lakini uso ule siuzoei. Inachukua kama dakika ishirini toka uso ule mpaka anaponipa mkono, na katika dakika hizo ninamtendea kaka yangu lile kosa tena, naye analipokea kwa mara ya kwanza.

Ya siku ile ya mchezo hayajamponyoka hata moja. Ningemwambia ukumbini siku ile, ingetosha mara moja.